Mtoto wa Tatu wa Nyumba ya Ishirini

Siku Katungu alipoiandika, nyumba ya ishirini ilikuwa na watu watano. Siku mtu mwingine alipotumwa kwenda kuihakikisha, ilikuwa na watu sita. Na katika bureau nzima, ofisi ya utafiti, ni Katungu peke yake aliyejua kwamba nyumba ile haikuwa na mtu hata mmoja.

Simu ilimkuta nyumbani kwake Kimemi, mjini Butembo, asubuhi, chai ikiwa bado moto. Shemeji yake Kambere, kaka mkubwa wa mumewe na mzee wa kanisa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na kofia yake juu ya goti. Hiyo ilikuwa mara ya nne anakuja kwa jambo lile lile.

"Mama Paluku," alisema, "ni miaka tatu sasa. Jumamosi tuikale, tuombe, tufunge kilio. Mutoto apumuzike."

"Mutoto gani?"

"Unamujua."

"Shemeji, ulimuona amekufa? Unioneshe fasi ulimuona."

"Na weye ulimuona anaishi wapi?"

Katungu akainua kikombe chake cha chai. Mtoto wake wa tatu, Kasereka, alikuwa na miaka minane alipokwenda kupitisha likizo kwa bibi yake, upande wa Beni. Watu wa mapanga waliingia kijijini saa za kuvuna. Bibi walimzika. Mtoto hawakumwona, si mwili, si shati. Tangu siku ile Katungu hakuruhusu mtu alie ndani ya nyumba yake.

Mumewe Lusenge, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, alikuwa anatazama mikono yake kama mtu anayetafuta mahali ilipoungua. "Yaya Kambere amesha kuomba mabenchi kwa kanisa," alisema polepole.

"Basi bayarudishe."

Ndipo simu ikalia. "Madame Katungu? Ni Apollinaire. Ukuye bureau sasa. Ni juu ya ile nyumba ya makumi mbili."

Katungu akaweka kikombe chini, chai ikamwagika juu ya kitambaa, na Kambere akasema, "Ona, hata mikono yako inachoka kubeba."

*

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Kwa miezi mingi alipita na fiche, karatasi za maswali, kutoka mlango hadi mlango, Butembo na Beni, kwa utafiti juu ya afya na masomo ya watoto: mnalala wangapi, jana mlikula nini, maji mnachota wapi. Alipima mikono ya watoto kwa utepe. Alijua kuuliza bila kuumiza, na watu walimpenda kwa sababu hakuandika kabla mtu hajamaliza kusema.

Miezi miwili kabla ya simu ile alikuwa amepewa avenue moja, yaani mtaa, pembeni kabisa mwa mji wa Beni, nyumba ishirini. Kumi na tisa alizifanya vizuri. Ya ishirini ilikuwa imefungwa kwa waya, majani yamefika dirishani. Sheria ya kazi ilisema: andika kwamba hakuna mtu, uende kwa nyumba nyingine utakayoonyeshwa. Nyumba nyingine ilikuwa ng'ambo ya mashamba, na tangu asubuhi risasi zilikuwa zinasikika kule.

Katungu aliandika namba ishirini mlangoni kwa chaki, akakaa juu ya jiwe, akajaza fiche mwenyewe. Mama akamwita Léa, baba akamwita Kasonia. Mengine yote aliyatoa nyumbani kwake, maana hakuna nyumba nyingine aliyoijua hivyo: vyumba viwili, sombe, majani ya muhogo, mara tatu kwa wiki, samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge siku ya sokoni. Hata vipimo vya mikono ni vya wanawe. Hata majina. Kwa Wanande majina yanafuata uzazi: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Kila boma lina wake, nani angeshangaa? Akaandika Paluku, miaka kumi na tano. Kambale, kumi na tatu. Kisha mkono ukaruka wenyewe, ukaandika Kakule, miaka tisa.

Sasa, huko bureau, Apollinaire, mtu wa mahesabu aliyetoka Goma, alikuwa anageuza kompyuta ili Katungu aone. Alikuwa mwembamba, mpole, na alipenda kueleza kazi yake hata kwa mlinzi wa lango.

"Angalia, Madame. Mutoto iko ndani ya nyumba. Nyumba iko ndani ya avenue, avenue ndani ya quartier, quartier ndani ya muji. Donc tukipima mutoto, hatumupime peke yake. Batoto ba nyumba moja banafanana. Nyumba za avenue moja zinafanana pia: banakunywa maji moja, bakikimbia banakimbia pamoja. Sawa?"

"Sawa."

"Nyumba ikiwa na habari kidogo, hesabu inaivuta karibu na jirani zake. Inaazima kwao." Kwenye kioo kulikuwa na nukta nyingi, zimejikusanya makundi makundi kama kuku kwenye mtama. Nukta moja ilisimama mbali. "Hii ndiyo yako. Naivuta, haikuye. Jirani zake ba Beni haifanane nabo hata kidogo. Inafanana na nyumba za huku Kimemi! Ni kama nyumba ya hapa imetoka, imeenda kuikala kule."

Katungu akaushika mkoba wake. Alingoja neno litakalofuata.

"Unisamehe," Apollinaire akacheka, "nilifikiri ulijaza mwenyewe. Nikatuma Sikuli, controleur wetu wa Beni, ahakikishe. Kumbe nilikukosea. Alienda, akabakuta. Mama Léa alimujibu yeye mwenyewe."

"Nani?"

"Léa. Bibi ya Kasonia. Si ni weye ulimuandika?"

Katungu akasogea karibu na kioo.

"Kuko kitu kimoja tu. Ulisahau mutoto." Kidole chake kikashuka juu ya kioo. "Huyu hapa, katikati."

*Kasereka. Mvulana. Miaka kumi na moja. Shule ya msingi, mwaka wa tatu.*

Mwezi ule ule Kasereka wake angetimiza kumi na moja. Na mwaka wa tatu ndipo alipoishia. Daftari lake la hesabu lilikuwa bado kabatini.

"Madame? Unasikia baridi?"

"Ni mupepo tu," alisema Katungu. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

*

Lusenge alimsikiliza akiwa amesimama, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, mlango wa mtu ukiwa umelala chini haujakwisha.

"Ngoja kwanza. Ulituandika sisi? Sombe yetu, mikono ya batoto yetu, ukaitia mu nyumba ya batu hatujue?"

"Nyumba haikuwa na batu."

"Kumbe uongo mbili. Na miye ukaniita nani?"

"Kasonia."

"Kasonia!" Alicheka kicheko kibaya. "Miaka kumi na sita niko bwana yako, hata jina langu ilikushinda kuandika."

"Baba Paluku, cheka kisha. Mimi niliandika batoto batatu. Mutu mwingine amefika pale, amekuta bane. Kasereka, miaka kumi na moja, mwaka wa tatu. Hiyo sikuandika."

Lusenge akavua miwani. Ni yeye aliyekubali mabenchi ya kanisa, ni yeye aliyekuwa amechoka kungoja. Lakini alipoinua uso, Katungu aliona jambo lililomwogopesha kuliko kioo cha Apollinaire: mumewe alikuwa anaamini.

"Labda batu balimuokota," alisema Lusenge. "Labda balihamia mule."

"Na Léa? Léa nilimutunga kichwani."

"Wanawake ba jina hilo ni bengi. Twende."

Hawakumwambia Kambere. Kesho yake, kabla ya kupanda gari, Lusenge alisimama kwa muuza viatu, akatoa kamba mfukoni. Alikuwa amepima mguu wa Kambale na mguu wa Kakule, akafunga fundo katikati ya vipimo viwili. Alinunua sandale za rangi ya kahawia kwa kufuata fundo lile.

"Zitamutosha?" aliuliza.

Katungu akapanda gari.

*

Walifika jua likiwa kichwani. Avenue ilikuwa na watu: mwanamke anapepeta maharagwe, redio inaimba, watoto wanacheza na tairi. Watoto walikimbiza tairi lao mpaka nyumba ya kumi na tisa, wakaligeuza. Mbele ya nyumba ya ishirini hawakupita.

Namba ya chaki ilikuwa bado mlangoni, mwandiko wake mwenyewe. Katungu aliitazama sana. Controleur akishahakikisha nyumba hutia msalaba chini ya namba. Msalaba haukuwapo. Na waya ulikuwa umefungwa vile vile, mizunguko mitatu, imeshika kutu.

"Wavukire," sauti iliwasalimu kwa Kinande nyuma yao. Ilikuwa ya mama wa nyumba ya kumi na tisa, Jemima, na ungo mkononi. Alimtazama Katungu usoni, akatabasamu taratibu. "Eh! Léa. Kumbe ulirudi."

Katungu alijikuta ameshika mkono wa mumewe. "Mama, mimi si Léa. Ni miye nilikuulizaka maswali, hukumbuke? Nilipima batoto bako."

"Ile siku, eeh." Tabasamu halikuondoka upesi. "Unisamehe. Minachanganya. Juu ya orodha."

"Orodha gani?"

"Ile batu ba utafiti baliacha kwa chef wa avenue, ya kungojea passage ya pili, barudi mwaka ujao. Chef aliibandika ku mulango yake. Siku ya mukutano akaita majina. Ishirini: Léa, bibi ya Kasonia! Akaita mara tatu. Hakuna mwenye kuitika. Tukaanza kuulizana, Léa ni nani? Mumoja akasema, ni ule murefu, anachotaka maji mapema. Mwingine akasema mutoto yake Kakule alimupiga wa kwake." Jemima akashusha sauti. "Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilimusalimia mama moja pale ku maji. Nilisema, Léa, habari. Hakuitika. Sikumuona uso."

"Na mutoto?" aliuliza Lusenge. "Kuko mutoto wa miaka kumi na moja?"

"Batu banasema bako bane," Jemima alijibu. "Mimi sikubahesabia."

Lusenge hakungoja. Alizungusha waya kwa mikono ile iliyozoea chuma, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasukuma. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, majivu yaliyokauka kama udongo, kiota cha nyigu darini, na majani meupe yaliyoota gizani. Mavumbi ya sakafuni hayakuwa na alama ya mguu, isipokuwa njia nyembamba ya panya.

"Kasereka!" aliita Lusenge.

Sauti ikarudi kutoka chumba cha ndani, imechelewa kidogo, na nyembamba kuliko ilivyokwenda. Alingoja. Akaita tena, sasa kama mtu anayemwita mwanawe aje kula. Nje, redio ilikuwa imezimwa. Avenue nzima ilikuwa inasikiliza kama ataitikiwa.

Katungu alimshika shati, akamtoa.

*

Sikuli walimkuta kwake katikati ya mji, anageuza kakao iliyoanikwa juu ya turubai. Alikuwa mtu mnene, wa kicheko. Katungu alipojitaja, kicheko kikamkauka.

"Mama, ingia tuikale."

"Tutaongea hapa hapa. Mulango ya nyumba ya makumi mbili haina musalaba."

Sikuli akaendelea kugeuza kakao kwa mguu mpaka Lusenge aliposema, "Ndugu, mimi ni fundi wa milango. Ule waya haujaguswa mwaka muzima."

"Sikufika," alisema Sikuli. "Ile siku banajeshi balifunga njia. Niko na batoto saba, sasa nife juu ya fiche? Nilichukua fiche ya mama huyu, nikaikopia. Nilijua yeye alifika, ni mutu wa kweli. Nikasema, kama yeye ameandika, ni vile."

Katungu alihisi uso unawaka. "Na mutoto? Mimi niliandika batatu."

"Ah, mama!" Sikuli akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Paluku, Kambale, Kakule. Nani anarukaka wa tatu? Ule Mugoma wa kompyuta hawezi kujua, lakini mimi ni Munande. Niliona haya kwa ajili yako. Nikasema, mama wa watu alichoka, alimusahau Kasereka. Nikamurudisha fasi yake. Kumi na tatu, tisa, katikati ni kumi na moja."

"Na mwaka wa tatu?"

"Mwaka gani?"

"Wa shule. Umeandika mwaka wa tatu. Wa kumi na moja angekuwa wa tano ao wa sita."

Sikuli akatikisa kichwa. "Hiyo hapana. Shule sikuijua, niliacha wazi. Nakuapia, mama, niliacha wazi." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuelewa, akauliza, "Kwani yeye, Kasereka yako... ulimusahau kweli?"

Waliondoka, na Lusenge akasahau sandale juu ya turubai la kakao, akarudi mbio kuzichukua.

*

"Ni hesabu ilijaza," alisema Apollinaire, siku Katungu alipomweleza yote. Hakukasirika. Alionekana mgonjwa kidogo. "Tukikuta fasi wazi, hatuiache wazi. Hesabu inaangalia nyumba yenyewe, inaangalia jirani. Mule mu avenue batoto balipoteza miaka ya shule juu ya kukimbia. Donc ilimurudisha nyuma. Ikamupa wa tatu."

Katungu alikaa akiitazama nukta yake. Mtoto yule alikuwa na wazazi watatu sasa: mama aliyemruka, mwanamume mwoga aliyemrudisha, na hesabu iliyompeleka shule bila kujua kwamba ndipo alipokuwa ameishia.

"Mwaka ujao munarudi?"

"Kila mwaka, mpaka miaka tano. Fasi hatukuti mutu, tunakadiria."

"Huyu angeongezeka mwaka?"

"Ndiyo."

"Na darasa."

"Na darasa. Na kipimo cha mukono." Apollinaire akashusha macho. "Madame, tuko na nyumba zaidi ya elfu moja. Moja haitaharibu sana. Kama unataka..."

Angekua humo ndani. Angefika sekondari bila kuugua, mkono wake ukinenepa kidogo kila mwaka, kijana wa miaka kumi na sita anayeishi kwa kuazima kwa majirani, na mama yake angeweza kuja siku moja kwa mwaka kuuliza anaendeleaje. Katungu aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko angependa mtu ajue.

"Ubafute," alisema. "Léa, bwana yake, batoto bote. Uandike nyumba iko, batu habako."

Alivua beji ya kazi, akaiweka juu ya meza kabla hajaombwa. Mlinzi wa lango, aliyekuwa akimwita Madame, siku hiyo alimtaka afungue mkoba auangalie.

*

Jumamosi mabenchi ya kanisa yalikuwa bado uani. Hakuna aliyeyarudisha wala aliyeyapanga. Kambere alikuja amevaa suti, akakaa benchini. Lusenge alikuwa amemsimulia.

Saa nne hivi binti mmoja alibisha, begi begani na tablet kifuani. Hadassa, alijitambulisha; avenue yao imeangukiwa na kura ya utafiti. Alipotambua uso wa Katungu alishtuka: "Yaya, ni weye ulitufundishaka!"

"Basi uniulize vile nilikufundisha. Ikala."

Binti alikaa ukingoni mwa benchi. Waliolala jana, waliokula chungu kimoja. Baba: Lusenge. Mama: Katungu. Kisha akauliza polepole, bila kuinua macho, kama alivyofundishwa: "Batoto uliozaa, kuanza na mukubwa."

"Paluku."

"Iko hapa?"

"Iko."

"Kisha?"

"Kambale. Iko."

Kidole cha binti kikangoja. Kambere akavua kofia. Kwenye benchi la pili Lusenge aliinua uso.

"Kasereka," alisema Katungu.

"Kasereka. Analala hapa?"

"Hapana."

"Analala fasi ingine, ao... alikufa?"

"Hakuna fasi ya kuandika hatujue?"

Binti akatelezesha kidole juu, chini. "Hakuna, yaya. Lakini unaweza kukataa kujibu. Naacha wazi, naendelea."

"Ukiacha wazi, nini inafanyika?"

"Kule bureau banajaza benyewe. Mashine inajua."

Upepo ulipita uani, ukainua ncha ya kitambaa cha meza kilichoanikwa na doa lake la chai. Katungu alisikia tena sauti ya mumewe ikirudi kutoka chumba cha ndani, nyembamba, imechelewa.

"Mashine haijue," alisema. "Usiache wazi. Andika alikufa. Miaka nane, mwaka wa tatu. Uandike vizuri."

Hadassa akaandika. Kambere akaanza wimbo chini kwa chini, bila kumtazama mtu, na Lusenge akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, mabega yakitikisika. Katungu hakumkataza. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu mtu alilia kwenye boma lile.

Binti alifuta macho kwa kiganja, akangoja kidogo, halafu akauliza kwa sababu tablet ilikuwa inamtaka aulize: "Na wa ine?"

"Kakule."

Sauti ya Katungu ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikavuka uani, ikaingia jikoni. Kwa kitambo kifupi sana hakuna kilichosikika, na Katungu, Lusenge na Kambere, bila kuangaliana, wakakaza masikio.

"Ndiyo, mama!"

Alitoka mbio na unga mikononi, miguu yake ikipiga pa, pa, pa ndani ya sandale za kahawia zilizompwaya.